Fundi na Makopo Yake ya Maganda

Polisi alinipigia simu asubuhi nikiwa nakata kitunguu, akaniuliza jambo moja: huyu jirani yako, kwa unavyomwona siku hizi, bado anafaa kukaa na bunduki nyumbani? Alikuwa binti mwenye adabu. Akanieleza kwamba leseni ya Fundi imefika wakati wa kufanywa upya, na kwamba Fundi ametaja watu wawili wa kumsemea, watu wasio ndugu zake, na mmoja ndiye mimi. Nikamwambia, binti yangu, hilo si jambo la simu. Njoo Ijumaa baada ya swala, utakunywa chai, nitakwambia. Nadhani alikuwa anafikiri kama kazi yake inaruhusu chai. Kisha akasema sawa.

Basi nikabaki na kitunguu changu na siku chache za kufikiri. Angeniuliza mwaka mmoja kabla ya hapo, ningejibu ndiyo kabla hajamaliza swali. Lakini sasa nilikuwa nimeona kitu bandani kwa Fundi, kitu ambacho sikukipenda. Nilijua nikikisema watamchukulia bunduki, na ile bunduki ndiyo ambayo ingeweza kumtoa tena nyumbani. Nikikificha, Mungu apishe mbali, huenda nikaja kujuta maisha yangu yote. Lakini wewe huwezi kuelewa nilichoona mpaka umjue Fundi, na Fundi hajulikani kwa haraka, kwa hiyo nivumilie nizunguke kidogo.

Jina analo, tena zuri, lakini sijawahi kulitumia. Hata mkewe alimwita Fundi, na akikasirika alimwita Fundi vilevile ila kwa sauti ya juu. Ni Singasinga wa Nakuru. Mimi ni Msomali wa Isiolo, nimepita Uholanzi, nimefika hapa Birmingham nikaendesha teksi mpaka magoti yakakataa. Nyumba zetu ziko Saltley, katika ile mitaa ambayo nyumba zimeshikana mabega kama watu wanaosali safu moja. Ukuta wake ndio ukuta wangu. Akikohoa, mimi ndiye natafuta dawa.

Siku niliyohamia nilikuwa napandisha godoro, nikajigonga kidole kwenye ngazi ya nyuma, nikatoa tusi la Kiswahili ambalo sitaliandika hapa. Kilemba cha bluu kikachomoza juu ya ua.

"Nani huyo anatukana kama mpagazi wa stesheni ya Nakuru?"

"Mtu wa Isiolo," nikasema, huku nimeshika kidole.

"Ah, Isiolo! Basi ingia unywe chai, utukane ukiwa umekaa."

Tangu siku hiyo mimi jina langu likawa Isiolo. Ndiyo salamu yetu mpaka leo, yeye "Isiolo", mimi "Fundi".

Kazi yake ilikuwa mashine ya kukandamiza mabati katika kiwanda cha magari, kule Longbridge. Kiwanda hakipo tena, wamejenga maduka na nyumba. Niliwahi kumpeleka huko na teksi yangu, alitaka viatu. Tukaingia duka la vyakula kwanza, akasimama mbele ya rafu ya maziwa, akatazama dari, akatazama sakafu, akapiga hatua mbili kushoto. "Hapa," akasema. "Mashine yangu ilikuwa hapa, kwenye mtindi." Mama mmoja wa Kizungu akamwomba apishe achukue mtindi. Fundi akampisha kwa heshima kama mwenye nyumba anayempisha mgeni. Viatu tulisahau kununua.

Sasa bunduki. Usifikiri alikuwa mwindaji. Huyu mtu hali nyama, hali yai. Panya aliingia bandani kwake, Fundi akamtega kwa kizimba, akampa mkate wa jana, akampakia kwenye gari lake akaenda kumwachia kwenye bustani ya mbali. Nilimuuliza kwa nini asimpige tu, mtu mwenye bunduki kama yeye. Akanitazama kana kwamba nimetukana tena. "Panya amefanya kosa gani, Isiolo? Amekuja kutafuta joto. Hata wewe ulikuja kutafuta joto."

Hapo alinipata, maana ni kweli. Mimi bunduki nilikuwa nazijua kwa upande mmoja tu, upande wa mdomo. Nilikuwa mtoto Isiolo nyakati za vita vya shifta, na elimu yangu yote kuhusu risasi ni kulala chini na kunyamaza. Shule sikukaa sana, lakini somo hilo nililipita vizuri. Kwa hiyo Fundi aliponiambia njoo bandani uone shughuli yangu, nilikataa. Nilikataa muda mrefu. Kisha ukaja msimu wa baridi ambao mtambo wangu wa gesi wa kupasha nyumba joto uliharibika, na Fundi alikuwa na hita bandani. Nikaingia kwa ajili ya hita. Bunduki yenyewe haikuwepo hapo, ilikaa ndani ya nyumba kwenye sefu ya chuma iliyofungwa ukutani, sheria ya hapa ndivyo inavyotaka. Bandani kulikuwa na maganda.

Maganda ya risasi, matupu, ya shaba ya manjano, yamesimama kwenye vibao vyenye matundu kama watoto wa shule wakiimba wimbo wa taifa. Fundi alikuwa mlenga shabaha. Jumapili alikwenda kilabuni na wenzake, wanalala kifudifudi, wanalenga karatasi iliyo mbali mpaka huioni, wanarudi nyumbani. Lakini risasi hakununua zilizo tayari. Akishafyatua, ganda hubaki, naye alilirudisha nyumbani, akalisafisha, akalinyoosha, akatia kitakoni fataki mpya, kile kidonge kinachowasha baruti, kisha baruti mpya na kichwa kipya, likawa risasi tena. Ganda moja laweza kwenda na kurudi hivyo mara nyingi, kama mtu wa biashara ya mpakani.

"Watu wanafikiri bunduki ndiyo inapiga," aliniambia huku nimekumbatia hita. "Bunduki ni bomba. Ganda ndilo linaamua."

Alikuwa na makopo matatu ya biskuti. Kopo la kwanza aliliita Matajiri. Hayo ni maganda ya bei, yametoka nchi za baridi kule juu, ukiyapima kwenye mizani yake ndogo yanalingana kama yamezaliwa na mama mmoja. Shingo zake zina unene mmoja pande zote. Ila ni laini kidogo. Ukiyaendesha kwa nguvu, kile kishimo cha kukalia fataki kinalegea mapema. Kopo la pili ni Askari, maganda yaliyotengenezwa kwa ajili ya jeshi. Mazito, kuta nene, sura mbaya, hayachoki upesi. Kopo la tatu ni Wasokoni, ya bei rahisi, mchanganyiko: hili zuri, hili shingo nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili, hili limepasuka hata kabla hujalikosea.

Alikuwa anachukua machache kiganjani, anayatikisa karibu na sikio. Mazima yanalia kama njuga. Likiwemo lenye ufa, mlio unazama. Halafu alikuwa na waya mwembamba alioupinda ncha, anauingiza ndani ya ganda, anakwangua taratibu chini karibu na kitako. Waya ukinasa, basi shaba imeanza kuliwa kwa ndani. Hilo alilibana kwa koleo mpaka likawa bapa, ili asije mtu mwingine akaliokota akalitumaini.

Nikamuuliza swali la mtu asiyejua. "Sasa Fundi, katika hayo matatu bora ni lipi? Matajiri?"

"Bora ni yale yanayofanana."

"Hata yakifanana ubaya?"

"Hata ubaya! Ubaya unaofanana unarekebishika. Kama yote yanapiga chini kidogo, wewe unalenga juu kidogo. Shida ni ubaya wa leo hivi, kesho vile." Akachungulia dirishani kama mtu anayetaka kusema siri. "Mama watoto, tangu Nakuru, ukimwambia tunatoka saa nne, yeye yuko tayari saa tano. Kila siku saa tano. Kwa hiyo mimi nasema tunatoka saa tatu."

Na jambo moja alilirudia mpaka nikalikariri kama sura ya Kurani. Usichanganye. Matajiri na Askari kwa nje ni sawa, lakini Askari ana kuta nene, tumbo lake dogo. Kipimo cha baruti kinachomtosha Tajiri ukikimimina kwa Askari, nafasi inakuwa ndogo, presha inapanda, na uso wako uko hapo hapo nyuma yake. "Mtu anayechanganya maganda," alisema, "ama hajui, ama hajali. Asiyejua nitamfundisha."

Mtu makini namna hiyo, utafikiri maisha yake yote yalikuwa hivyo. Wapi! Saa ya sebuleni kwake ilikuwa nyuma, na alipenda iwe nyuma. Gari lake lilikuwa na bonde kila upande. Alikuwa anabishana juu ya bei ya bamia pale Alum Rock Road mpaka mwenye duka anataja mababu, kisha akifika nyumbani nusu ya bamia ananipa mimi, na mimi bamia sili. Na fashifashi za Novemba, zile Wazungu wanazorusha, zilikuwa zinamtisha. Kila mlio anaruka. Nilimcheka sana. "Ile yangu," alijitetea, "najua inalia lini."

Shemeji yangu, maana mke wa Fundi nilimwita shemeji, ndiye pekee aliyewahi kumshinda bandani. Ilikuwa wanakaribia sikukuu yao ya Vaisakhi. Alitoa vyombo vyote vya shaba, masinia na vikombe na taa, akavisugua kwa ukwaju na chumvi kama walivyofanya Nakuru, kama hata mama yangu alivyosugua birika Isiolo. Vikang'aa. Kisha akaona makopo ya mumewe, maganda yamefifia, yana weusi wa moto. Akayamwaga yote kwenye beseni moja la ukwaju. Matajiri, Askari, Wasokoni, wote wakaoga pamoja.

Mimi nilikuwepo Fundi aliporudi. Aliliona beseni. Maganda yalikuwa mazuri, wallahi, mekundu kidogo kama yameona haya. Asidi ya ukwaju inaila shaba, nilikuwa nimejifunza hivyo kwake mwenyewe, kwa hiyo nilijua hapo hakuna hata moja la kupigia tena.

"Kila siku wewe nasema vyombo vyangu vichafu," shemeji alimwambia, anafuta mikono. "Leo hata vyako nimeosha."

Nikasema moyoni, leo ukuta utapasuka. Fundi akachukua ganda moja, akaligeuza kwenye mwanga.

"Yamependeza," akasema.

Basi. Shemeji akayapanga kwenye dirisha la jikoni, kila ganda akalisimamishia ujiti wa ubani. Ndiyo yakawa vishikio vya ubani vya nyumba ile, na Fundi akaanza upya kutafuta maganda kama kijana. Nilimuuliza baadaye kwa nini hakumwambia. Alijibu, "Maganda yanauzwa."

Shemeji alifariki mwaka juzi, majira ya majani kuanguka. Sitasema mengi juu ya hilo, aliyefiwa anajua. Mwanzoni nyumba ilijaa. Binti yao anaishi Kings Heath, alikuwa anakuja na vyakula kwenye mabakuli, na wajukuu ambao unawasalimia kwa Kiswahili wanakujibu kwa Kiingereza. Kisha watu wakarudi makwao, kama ilivyo desturi, na Fundi akabaki na ile saa yake ya nyuma.

Kilabuni akaacha kwenda. Kilemba akawa anakifunga vibaya, jambo ambalo kwa Singasinga wa aina yake ni sawa na mimi kutoka nje bila suruali. Nilikuwa nambishia mlango, tunakunywa chai, yeye anaikodolea ile saa. Siku moja mchana nikamuuliza, Fundi, unafanya nini siku hizi? Akasema, "Nangoja tu." Unangoja nini? Akanimiminia chai nyingine wakati kikombe kilikuwa bado kimejaa, ikamwagika mezani, na hakuifuta.

Sasa ndiyo tunafika bandani. Nilikwenda kumtafuta, mlango ulikuwa wazi, yeye hayupo. Juu ya meza yake ya kazi yale makopo yake matatu yalikuwa yamelala ubavu, na maganda yote yamemwagwa chungu moja. Matajiri na Askari na Wasokoni. Na pembeni yalikuwepo machache yaliyokwisha kutiwa fataki, yametoka kwenye chungu ile ile bila kuchaguliwa, yanangoja baruti. Mtu mwingine angeona meza chafu tu. Mimi nilitaka kulala chini, kama siku za Isiolo.

Ama hajui, ama hajali. Na Fundi alikuwa anajua.

Ndicho nilichokuwa nakifikiria na kitunguu changu mkononi.

Kwetu si adabu kumtolea mtu ushahidi nyuma ya mgongo wake. Alhamisi nikavaa koti nikaenda kwake. Alikuwa bandani, amekaa, hita imezimwa.

"Fundi, kesho polisi anakuja kwangu."

"Najua. Mwambie mimi mtu mzuri, aende."

"Wewe ni mtu mzuri. Lakini makopo umechanganya, na nitamwambia."

Alinyanyua kichwa polepole. "Wewe ni ndugu yangu au wewe ni askari?"

"Mimi ni shahidi. Uliniita mwenyewe."

"Nilikuita useme mazuri!"

"Mazuri angesema hata muuza bamia."

Akasimama. Fundi ni mrefu, banda dogo. Nilifikiri atanisukuma, na ningemwachia anisukume. Aliyatazama yale maganda mezani, akanitazama mimi, macho yamejaa maji na hasira.

"Umekaa kwenye hita yangu miaka yote," akasema, "ukijifunza ili uje unishtaki. Toka."

Nikatoka.

Ijumaa yule binti polisi akaja. Nilimpa chai ya maziwa na maandazi, nikamwambia yote. Nikamwambia huyu ni mtu anayembeba panya kwa gari. Nikamwambia makopo matatu maana yake nini, na yakiwa chungu moja maana yake nini. Alikuwa msikivu. Aliniuliza kama nafikiri amuombe daktari amwone. Nikasema, hilo ndilo naomba, na bunduki ikae mahali pengine mpaka apone, na tafadhali msimchukulie kama mwizi. Jioni ile ile walifika wawili kwa gari la kawaida, bila king'ora. Fundi alitoka amefunga kilemba vizuri, akafungua sefu mwenyewe. Nilichungulia nyuma ya pazia. Hakugeuka kutazama upande wangu.

Kisha akaninunia. Wewe hujui kununiwa mpaka uwe umenuniwa na mtu mnayegawana naye ukuta. Hata kukohoa alikohoa kwa hasira. Nilipika bamia nikampelekea, mimi nisiyekula bamia, nikaziacha mlangoni. Bakuli likarudishwa limeoshwa, juu ya ua, bila neno. Nikasema, angalau amekula.

Habari zake nilizipata kwa binti yake, tulipokutana sokoni. Kwamba daktari amempa mtu wa kuzungumza naye kila wiki, na mwanzo alikataa, sasa anakwenda mapema. Kwamba asubuhi anakwenda gurudwara, hekalu lao, kwenye lile jiko linalolisha yeyote anayeingia, amepewa kazi ya kukata madonge ya chapati, na akina mama wanamlalamikia kwa sababu anayapima. Nilicheka peke yangu mpaka nikashika ukuta wa duka. Kisha siku moja, niko uani naanika nguo, nikasikia kutoka bandani ule mlio, maganda yanatikiswa kiganjani. Yanatikiswa, kimya, yanatikiswa tena.

Mwezi uliopita alibisha mlango. Nilifungua nikiwa na kandambili. Amesimama na kilemba cha bluu, ndevu zimechanwa, mikono nyuma kama mtu aliyeitwa ofisini.

"Isiolo."

"Fundi."

Nikasogea, akaingia, akakaa pale anapokaa siku zote, na mimi nikajishughulisha na sufuria ya chai ili nisimtazame usoni.

"Nimeyatenganisha," akasema nyuma yangu.

"Yote?"

"Yote. Yale ya kutilia shaka nimeyabana." Akakohoa, kikohozi cha kawaida. "Daktari ameandika kwamba mimi sasa sawa. Polisi wanasema nikiitaka bunduki niombe upya, na nitaje tena watu wawili."

"Vizuri. Unaye nani?"

"Mmoja ni katibu wa kilabu. Wa pili nimetaja wewe."

Nikageuka na kijiko mkononi. "Mimi? Baada ya yale?"

"Sasa nitaje nani?" akasema, amekasirika kidogo, kama ndiye aliyekosewa. "Wengine wote watasema mimi mzuri, hata nikiwa nimeoza. Wewe peke yako ulisema mimi mbaya. Wewe ukisema mzuri, yule binti ataamini." Akavuta kikombe karibu. "Na mimi pia nitaamini."

Nilimimina chai.

"Na kama nikikutazama mwezi huu, Fundi, nikaona bado?"

Alipuliza chai yake, akaonja, akaongeza sukari.

"Basi nitanuna tena," akasema. "Njia ya kurudi nimeshaijua."